Chora Chini: Mama Yuko Lilongwe, Mdogo Anaharisha

MTANGAZAJI: Leo chukua kijiti, mwite mwanao, mkae hapo penye vumbi. Mtachora chati ya mtiririko, yaani mchoro unaoonyesha lipi linaanza na lipi linafuata. Waandishi wa programu za kompyuta huitumia. Ninyi hamhitaji hata umeme.

Chora umbo la yai, andika ANZA. Mama amekwenda Lilongwe, mdogo anaharisha. Hatua ya kwanza ni kisanduku: "Mwite mtu mzima aliye karibu."

Kutoka hapo vuta mshale hadi mraba uliosimama kwa ncha yake. Umbo hili ni la swali, na jibu ni ndiyo au hapana tu: "Je, amelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, au anaharisha maji matupu mfululizo?" Ndiyo: mpelekeni kituo cha afya sasa hivi, na njiani aendelee kunyweshwa kama anaweza. Chora yai la MWISHO. Swali hili lisikae chini ya mengine. Kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700 hapa Malawi, na ugonjwa huo humaliza maji mwilini kwa saa chache.

Hapana: swali jingine. "Pakiti ya ORS ipo?" Ikiwepo, mimina yote katika lita moja ya maji safi. Isipokuwepo, lita hiyohiyo itiwe vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo mtu mzima apime.

Mishale miwili ikutane: "Mpe kidogo kidogo." Halafu: "Ametapika?" Ndiyo: subiri dakika 10, mshale urudi kwenye swali la kwanza. Hapana: mshale urudi hukohuko, maana hali hubadilika. Watoto hupenda sana mshale unaorudi nyuma. Waache wauzungushe mara tatu, nne.

Sasa jaribuni. Mtoto asogeze kokoto kufuata mishale, wewe ujibu ndiyo au hapana. Kokoto likikwama, hapo pana mshale uliosahaulika. Akikuuliza, "Na kama sukari imeisha?" usimkemee. Mpe kijiti, achore njia ya kwenda kwa jirani.