Fahamu: Kwa nini Gladiator hupendwa na kulaumiwa

Filamu ya Gladiator ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2000, ilishinda tuzo 5 za Oscar, zikiwemo za filamu bora na mwigizaji bora wa kiume, Russell Crowe. Wanaoipenda humtaja kwanza Maximus, jenerali anayeuliwa mke na mwana kisha kuuzwa utumwani, na muziki wa Hans Zimmer na Lisa Gerrard. Mhakiki wa Marekani Roger Ebert hakuridhika: aliona picha zina giza na hadithi haina furaha.

Lawama nzito zaidi ni za kihistoria. Maximus hakuwahi kuwepo. Kaizari wa Roma Commodus, adui wa Maximus katika filamu, alitawala pamoja na baba yake, Marcus Aurelius, tangu mwaka 177, na hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba alimuua baba huyo kama filamu inavyoonyesha. Kweli alipigana uwanjani, jambo lililowaudhi maseneta, lakini alitawala miaka 12 baada ya baba yake kufa, akanyongwa mwaka 192. Hata hivyo, kiu ya kushangiliwa, ambayo ndiyo kiini cha mhusika huyo, imeonyeshwa kwa haki.

Lawama nyingine ni ya wahusika wa pembeni: Juba, Mnumidia na mtumwa mwenzake Maximus, aliyeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, alistahili nafasi kubwa zaidi.