Lini Nta Itolewe Katika Kalibu?

Nta ya nyuki ni mali ya siku nyingi katika nchi ya Unyamwezi. Wakati wa utawala wa Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa ng'ambo, na mwaka 1912 reli ilifika Tabora na kuchukua nafasi ya njia ya misafara. Hata leo mfugaji nyuki wa Choma, wilayani Igunga, akisha kuyeyusha na kuchuja masega yake, hukabiliwa na swali moja: bonge la nta litolewe lini katika kalibu? Akiharakisha, bonge huharibika umbo. Na iwapo kiini chake bado ni majimaji, nta ya moto yaweza kumwagika na kumwunguza.

Nta huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 65 za Sentigredi. Ikipoa, huanza kuganda nje. Lakini nta haipitishi joto upesi. Hivyo ganda hilo la nje huwa kama blanketi linalozuia joto la ndani lisitoke. Ndiyo sababu unene ukizidishwa mara mbili, muda wa kuganda huongezeka karibu mara nne. Kama bonge la sentimita 5 lahitaji saa 3, la sentimita 10 litahitaji saa 12 hivi.

Katika kuganda na kupoa, nta husinyaa kwa karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Sehemu ya nje ikipozwa ghafla, husinyaa mbele ya kiini, na bonge hupasuka. Kwa hiyo kalibu ifunikwe ili ipoe polepole, wala isimwagiwe maji baridi.

Dalili za bonge lililo tayari ni tatu: limeachana na kuta za kalibu, chini ya kalibu hapana joto tena, na kalibu ikipinduliwa na kugongwa kidogo, bonge hutoka lenyewe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kanuni hii yafaa kwa kila kitu. Rezini ya epoksi, itumiwayo kuhifadhi vielelezo vya wadudu, haigandi kwa kupoteza joto bali kwa mmenyuko wa kikemia, nao huzalisha joto. Hapo mambo hugeuka: tungamo nene hujipasha moto na kukaza upesi, bali tabaka jembamba hukawia. Rezini yaweza kuwa baridi na bado haijakomaa. Nta husubiri ipoe. Rezini husubiri mmenyuko ukamilike.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa kumimina nta katika makopo yenye upana sawa, kwa vina mbalimbali, na kupima muda. Nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe isiwekwe juu ya moto mtupu, kwani mvuke wake huwaka.