Dalali Ni Mjumbe, Si Mwenye Nyumba

Askari hana makao ya kudumu. Leo yuko Jinja, kesho apata amri ya uhamisho kwenda Gulu au Arua. Na tangu mwaka 2007 wanajeshi wengi wa Uganda wametumika hata Somalia. Mtu wa kazi ya namna hii akitaka kuuza nyumba aliyoijenga kwa akiba ya miaka mingi, aghalabu hana nafasi ya kuwapokea wanunuzi mlangoni, bali humtegemea dalali. Je, afanyeje iwapo miezi sita imepita, mnunuzi hajaonekana, na dalali kila siku asema, "Vumilia kidogo, afande"?

Yafaa kukumbuka kwamba dalali ni mjumbe tu. Mwenye nyumba ndiye atoaye amri, na mjumbe aliyetumwa pasipo muda wala masharti ni vigumu kumdai hesabu. Kwa hiyo mapatano yaandikwe tangu mwanzo: bei ya chini kabisa inayokubalika, ujira wa dalali, muda wa kazi, tuseme siku 90, na siku za kuleta taarifa. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yataka mapatano ya thamani inayozidi shilingi 500,000 yawe katika maandishi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya kumlaumu dalali, mwenye nyumba na ajichunguze. Je, bei aliyoitaja yalingana na zile ambazo nyumba za jirani ziliuzwa kweli, au ameitunga kwa tamaa? Je, hati ya ardhi iko sawa? Aliyejenga juu ya kibanja katika ardhi ya maili hana budi kupatana na mwenye ardhi kabla ya kuuza. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, yakataza kuuza ardhi inayokaliwa na familia bila ridhaa ya mke au mume. Mnunuzi akifika na kumkuta mama wa nyumba akipinga, ataondoka zake, na kosa si la dalali.

Ikiwa hayo yote yako sawa, dalali aitwe atoe hesabu. Ni watu wangapi aliowaonyesha nyumba? Walisema nini? Waweza pia kumtuma ndugu asiyejulikana aulizie nyumba hiyo kama mnunuzi. Hapo huenda ikabainika kwamba dalali anaongeza bei kwa siri ili ziada aitie mfukoni, na ndiyo maana wanunuzi hukimbia. Mjumbe hana haki ya kupata faida ya siri katika kazi ya aliyemtuma.

Akionekana mzembe, mpe onyo kwa barua na siku 14 za kujirekebisha. Asipobadilika, mwachishe kwa barua. Chukua funguo na nakala za hati, uandike majina ya wanunuzi aliokwisha kuwaleta, na umjulishe mwenyekiti wa LC1 pamoja na majirani kwamba huyo si mjumbe wako tena. Hata hivyo uwe mwenye haki: mmoja wa wanunuzi wale akija kununua baadaye, kwa kawaida dalali aliyemleta hustahili ujira wake.

Hati halisi ya ardhi usimkabidhi dalali kamwe, wala usimpe maandishi ya kumruhusu kutia saini badala yako. Ukiwa safarini, nakala ya mapatano ibaki kwa mwenzako wa ndoa au mtu wako wa kuaminika.

Mwisho, sare ni ya taifa, si ya kudaia nyumba. Dalali mvivu si mhalifu, na askari anayemtia pingu au kumtisha kwa bunduki ageuka kuwa mkosaji yeye mwenyewe. Madai ya mkataba hupelekwa mahakamani. Bali kama dalali amepokea fedha za mnunuzi akazificha, au ameghushi saini, hilo ni jinai: lipelekwe kituoni, lipelelezwe na afisa mwingine asiyehusika na nyumba hiyo. Mwenye kulinda sheria na aitumie yeye wa kwanza, hata katika mali yake.