Siku ya Mapumziko Ufukweni: Tupumzike Tukiwa Hai



Sisi tunaoishi na kufanya kazi Mchafukoge na Kariakoo tuko karibu na bahari, lakini twaiona mara chache. Tangu alfajiri ni kufungua duka, kupokea mizigo, kupatana bei na kuhesabu mauzo. Sikukuu inapofika, familia nyingi huvuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, au hupanda daladala kuelekea Coco Beach na Kunduchi. Ni jambo jema. Hata hivyo, baadhi yetu hurudi jioni na uchovu mkubwa kuliko ule tuliotoka nao, mfuko ukiwa mtupu na moyo vilevile. Je, tumekosea wapi?

Tunakosea tunapodhani kwamba kupumzika ni kuweka kando kila kitu, hata upendo. Mwinjili Marko, katika sura ya 6, asimulia jinsi Mitume waliporudi kutoka utumeni wakiwa wamezungukwa na watu kiasi cha kukosa hata nafasi ya kula. Yesu aliona uchovu wao, akawaalika wapumzike mahali pa faragha, nao wakaenda kwa mashua. Lakini walipokuta umati umewatangulia, Bwana aliwahurumia watu wale. Pumziko la kweli huburudisha mwili bila kuufunga moyo. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba pumziko la tafakari si kupoteza muda.

Kwanza, basi, tuianze siku na Mungu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902, limesimama karibu na bandari, njiani kuelekea pantoni. Ikiwa safari ni ya Dominika, Sheria ya Kanisa (kanuni 1248) yaturuhusu kutimiza wajibu wetu kwa Misa ya Jumamosi jioni. Safari isiwe kisingizio cha kuikosa.

Pili, tuushughulishe mwili kwa busara. Tutembee mchangani kabla jua halijawa kali, tucheze mpira na watoto, tuokote makombe pamoja nao. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Tuwaulize wavuvi wa mahali hapo kabla ya kuingia. Mtoto asiogelee pasipo mtu mzima anayemtazama, na aliyekunywa pombe asiingie majini kabisa. Dakika moja ya uzembe yatosha kugeuza sikukuu kuwa msiba.

Tatu, duka lifungwe hata moyoni. Baba anayeshinda na simu akiulizia mauzo amebadili mahali pa kazi tu. Mtoto anayejenga nyumba ya mchanga peke yake hatakumbuka faida ya siku ile. Atakumbuka kwamba hakuna aliyekuja kuitazama.

Nne, tuwakumbuke wanaofanya kazi ili sisi tupumzike: muuza madafu, mchoma mihogo, kondakta. Katekismu (namba 2187) yatuonya tusiwatwike wengine mzigo usio wa lazima siku ya Bwana. Tuwasalimu kwa heshima, tuwalipe haki yao, wala tusiwaachie taka zetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa tunazoziacha ufukweni huishia baharini, nayo bahari ni kazi ya mikono ya Mungu.

Mwisho, asiye na nauli asijihesabu kuwa ametengwa. Kutoka Mchafukoge hadi ufukwe ulio mbele ya Kanisa Kuu ni mwendo wa miguu. Tukae pale na watoto, tutazame vyombo vikipita, tushukuru. Na tukirudi, tumpitie mgonjwa au mzee wa Jumuiya yetu aliyebaki ndani, tumsimulie tuliyoyaona. Hapo pumziko letu litakuwa limezaa matunda.