Soseji kwa mbwa: hatari iko kwenye viungo

Jioni, kando ya kigari cha smokie, hakukosi mbwa anayesubiri chake. Nyumbani nako, soseji iliyobaki kwenye sahani ya mtoto huishia kwa mbwa, na hata ile iliyokaa kwenye friji mpaka ikaanza kuteleza hutupiwa yeye. Watu husema mbwa ni mla nyama, basi ale. Lakini soseji, smokie, hemu, bekoni na nyama ya kopo ni nyama iliyokwisha kutiwa chumvi, mafuta na viungo, na madhara mengi hutokana na hivyo vilivyoongezwa.

Chumvi ndiyo inayotajwa sana. Mbwa mzima wa kilo 15 anahitaji sodiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku. Soseji ya gramu 50 yenye chumvi asilimia 2 ina sodiamu karibu miligramu 400, mahitaji ya siku mbili kwa mkupuo. Hata hivyo, soseji hiyo moja haitamuua. Dalili za sumu ya chumvi hutarajiwa mbwa anapokula takriban gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, na mwenye figo nzima akipata maji ya kutosha huitoa ziada kwa mkojo. Wa kuhofiwa ni kijibwa cha kilo 3 kilichorarua pakiti nzima, mbwa aliyefungwa pasipo na maji, na mzee mwenye maradhi ya moyo au figo.

Mimi nahofia zaidi kitunguu, kwa sababu ndani ya soseji hakionekani. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina kemikali za salfa zinazoharibu himoglobini ya mbwa, na chembe nyekundu za damu zikaanza kupasuka. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kibichi kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuleta madhara makubwa, na unga wake ni mkali zaidi kwa kuwa maji yamekwisha kuondolewa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Tena damu haipungui papo hapo: siku kadhaa zaweza kupita ndipo fizi zinapauka, mbwa anachoka upesi na kuhema, na mkojo unageuka rangi ya kahawia. Kufikia hapo mwenyewe amekwisha sahau ile smokie aliyompa pamoja na kachumbari yake. Pakiti nyingi huandika "viungo" tu bila kuvitaja, na hilo pekee linatosha kukufanya usimpe.

Mafuta nayo yana ugonjwa wake. Mlo mmoja wenye mafuta mengi waweza kuamsha uvimbe wa kongosho: mbwa hutapika, hukataa chakula, na kwa maumivu hulaza kifua chini akiinua makalio. Huo si ugonjwa wa kusubiri kesho.

Kuhusu saratani, mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Uamuzi huo ulihusu binadamu, na si haki kuutumia kumtisha mwenye mbwa.

Basi kipande kidogo cha soseji isiyo na kitunguu, cha kumfichia kidonge, hakina neno kwa mbwa mwenye afya. Kumpa kila siku ndiko nisikokubali, wakati kuku aliyechemshwa bila chumvi, akatolewa mifupa, anampendeza vilevile. Dagaa wasiotiwa chumvi juu ya ugali pia wanafaa. Nyama iliyooza asipewe kabisa. Tumbo lake nalo huugua.

Akishakula pakiti nzima, mwekee maji safi na umpigie daktari wa mifugo mara moja, hata kama bado anacheza. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kama baadhi ya watu wanavyoshauri. Utakuwa unamwongezea sumu ileile. Nenda na pakiti, umweleze daktari uzito wa mbwa, kiasi alichokula na saa aliyokula, kwa kuwa matibabu hupangwa kwa hayo.