Marehemu Sheikh Amri Abedi, Rafiki wa Washairi

Ndugu zetu wendao Arusha kutazama mpira hulitaja jina la Sheikh Amri Abedi, kwa kuwa ndilo jina la uwanja, pasipo kuuliza alikuwa nani. Hatuwalaumu, uwanja una kelele zake. Lakini sisi tushikao kalamu tungali twamlilia.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Zamani zile wengi walijifunza ushairi kwa kusikiliza mabingwa, na asiyepata bingwa alibaki na hamu yake. Mwaka 1954 Sheikh Amri akatoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi, na elimu ile ikaweza kumfikia hata karani aliye peke yake na taa yake usiku: vina ni nini, mizani huhesabiwaje, kwa nini mstari wa shairi hugawanyika 8 kwa 8, jumla ikawa 16. Tena akaiambatanisha diwani yake mwenyewe, mwanafunzi apate kumpima mwalimu kwa kipimo kile kile alichopewa. Huo ndio urafiki tuusemao.

Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, na baadaye Waziri wa Sheria (kwa utani twaweza kusema hakubadili kazi). Oktoba 1964 mauti yalimkuta Ujerumani, naye ana miaka 40 tu.

Tungali twahesabu mizani kwa vidole, na kina kikitupotea twatamani kumwuliza.