Mwalimu Bora Hupimwa kwa Nini?

Ndugu wa vikundi, mara nyingi tukitaka kumtuza mwalimu wa shule yetu, tunaangalia alama za mtihani tu. Sisi twaona hiyo haitoshi.

Chukueni mfano wa Bruda Peter Tabichi. Mwezi wa Machi 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Wakati huo alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya upili ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro (si Pwani ya Mombasa!). Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wengine. Alianzisha klabu ya amani kwa wanafunzi wa makabila saba. Tena alizitembelea familia zilizotaka kuwaoza mabinti mapema, akawasihi wazazi wawaache wasome.

Basi mkikaa kuchagua, msimuulize mwalimu mkuu peke yake. Waulizeni wanafunzi: mtoto akikosa shule, ni nani humfuata nyumbani? Andikeni majibu yao, muyasome siku ya wazazi, mwalimu mwenyewe akisikia. Zawadi yaweza kuwa hata kuku.